Wageni wa Lamu: tuulize wamekuja kwa nini na watakaa muda gani

Mhariri,

Kila panapozungumzwa habari ya wageni hapa Lamu, swali huwa ni moja tu: wameingia wangapi. Sijasikia anayeuliza kilichowaleta, wala watakaa muda gani, na naamini hapo ndipo tunapokosea.

Wazee wetu hawakukosea hivyo. Majahazi ya Arabuni yalifika na upepo wa kaskazi na kurudi na ule wa kusi, kwa hivyo mwenyeji alijua mapema mgeni wake ataondoka msimu gani, na aliyebaki akaoa na kujenga alikuwa mwenzetu. Baadaye sababu za watu kuhama, kuja au kuondoka, zikawa nyingine. Wabajuni wengi wa upande wa Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, walikimbia vita vya shifta, yaani waasi waliotaka kujitenga na Kenya, miaka ya 1960 wakahamia Malindi na Mombasa. Miaka ya 1970 serikali ikawagawia ardhi wakulima kutoka bara kule Mpeketoni. Na bandari mpya, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, imevuta vibarua, mafundi na wachuuzi. Aliyekimbia risasi, aliyepewa shamba na aliyefuata kibarua hawahitaji mambo yaleyale, hata wakiwa majirani.

Kuna mpangaji mtaani kwetu aliyeshuka jetini na godoro lililofungwa kamba, akaniambia amekuja kwa miezi mitatu. Huu ni mwaka wake wa sita. Mwanawe wa mwisho amezaliwa hapa, humwita mke wangu bibi, na akigombana na wenziwe hugombana kwa Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu. Baba bado anahesabiwa mpita njia. Wakati huohuo kijana wetu aliyeko Ghuba, ambaye mkataba wake wa miaka miwili ameshauongeza mara mbili, tunamhesabu kuwa yupo nyumbani. Umoja wa Mataifa humwita mhamiaji wa muda mrefu yeyote aliyehamia nchi nyingine kwa angalau miezi 12. Nasi tungeweza kujiwekea kipimo chetu kwa wanaohama ndani ya nchi.

Maji ya mji huu hutoka katika visima vya michanga ya Shela, navyo havijui nani mgeni. Naiomba serikali ya kaunti, kabla ya kupanga maji na madarasa, iandikishe kila kaya kwa maswali hayo mawili, na iwahakikishie watu kwamba majibu hayatatumiwa kumfukuza mtu. Wakianza na Langoni, nitawasindikiza mlango kwa mlango.

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu