Barua ya Kufunga Muhula wa Kwanza kwa Wazazi na Walezi

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Shule ya Chekechea, Lamu

Kwa wazazi na walezi waheshimiwa,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Alhamdulillahi, muhula tumeumaliza salama, na kabla ya jambo jingine lolote nawashukuru nyote mliofika ufuoni siku ya michezo ya watoto. Mliona kwa macho yenu watoto wa PP2, yaani mwaka wa pili wa chekechea, wakikimbia na ndimu kwenye kijiko bila kuidondosha, na hata wachanga wetu wasiotembea bado, waliolazwa kifudifudi mkekani chini ya turubai, wakiinua vichwa kuwatazama wakubwa wao. Mtoto mmoja, ambaye Januari alikuwa akipumzika mara mbili kabla ya kuimaliza ngazi ya shule, siku ile alimaliza mbio zake akicheka, na bibi yake akabubujikwa na machozi. Mimi pia sikuweza kujizuia.

Hayo ni matunda ya kila asubuhi ya muhula huu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema kwamba mtoto wa mwaka 1 hadi 4 anahitaji angalau dakika 180 za kuuchezesha mwili kila siku, na kuanzia miaka 3, dakika 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia na kuruka hasa. Mchanga asiyetambaa naye alazwe kifudifudi, akiwa macho na akiangaliwa, kwa jumla ya angalau nusu saa kwa siku. Walimu wamelishika hilo bila kulegea, na mpishi wetu amewatilia nguvu kwa uji wa wimbi wa saa nne, na mchana wali kwa kunde za nazi, mchicha, na samaki aliyetolewa miiba kwa mkono. Waliokuwa wakiusukuma mchicha pembeni ya sahani sasa wanaomba kuongezwa.

Taarifa za maendeleo zimo katika bahasha ya kila mtoto.

Sasa nasema lililonikaa moyoni. Katika kikao cha kufungua muhula tulikubaliana, kwa mikono iliyoinuliwa, kwamba soda, peremende, mabuyu ya rangi na njugu nzima zisiingie shuleni. Wiki ya pili haikuisha kabla ya mikoba kujaa vitu hivyo hivyo. Kisha siku moja mtoto asiyetimiza miaka 3 alipaliwa na njugu iliyokuwa mfukoni mwake, akashindwa hata kulia, na mwalimu wake akamwinamisha na kumpiga mgongoni, kati ya mabega, mpaka ikatoka. Mwenyezi Mungu alimnusuru. Jioni ile, badala ya shukrani kwa mwalimu, nililetewa ujumbe kwamba shule imezidi ukali na kwamba njugu ni chakula tulichokulia sote. Ndiyo, ni chakula kizuri sana, lakini mtoto wa chini ya miaka 5 husagiwa, ikatiwa kwenye uji, kwa sababu koo lake ni jembamba na magego yake hayajaweza kuitafuna sawasawa. Siwezi kuomba radhi kwa kulisema hili, na nitalirudia kila muhula.

Katika chumba cha wachanga pia tumepokea chupa za chai ya sukari kwa watoto wa miezi minne. Mtoto hunyonya maziwa ya mama pekee mpaka miezi 6, hata maji hahitaji, kisha huanzishwa vyakula vya kupondwa huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili na zaidi. Na miaka miwili kamili imetajwa katika Suratul Baqara, aya ya 233. Mama anayekwenda kazini na akamue maziwa yake, nasi tutamnywesha mtoto kwa kikombe. Asali asionjeshwe kabla ya kutimiza mwaka, kwani huweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ndani ya utumbo wake mchanga.

Ada ya chakula bado haijalipwa na wazazi wengi, na baadhi yao ndio wanaomnunulia mtoto soda kila siku njiani. Hesabuni wenyewe soda za mwezi mmoja. Mwenye shida ya kweli aje ofisini, tutasikilizana kwa siri. Asiyekuja wala kulipa anamtwisha mpishi mzigo usio wake.

Likizo hii upepo wa kusi unaingia, bahari itachafuka, na samaki wataadimika. Basi kunde, mbaazi, mayai na dagaa vitatosha. Najua vichochoro vyetu vina punda, na mama huogopa kumwachia mtoto atoke, lakini ua wa nyumba unatosha kwa kamba na mpira. Simu isizidi saa moja kwa siku kwa mtoto wa miaka 2 hadi 4, na aliye chini ya hapo asipewe kabisa.

Siku ya kufungua shule, kila mkoba utakaguliwa mlangoni mbele ya aliyemleta mtoto, na kilichokatazwa kitarudi naye nyumbani.

Wassalaam,
Mwalimu Mkuu