Jumamosi: twende 798

Ndugu zangu wa Beijing, habari za jioni. Jumamosi tunakwenda eneo la sanaa la 798, Dashanzi. Tukutane saa 4 asubuhi nje ya kituo cha metro cha Jiangtai, laini ya 14, kisha tutembee pamoja.

Naomba tusiishie kupiga picha kwenye michoro ya kuta za nje. Ingieni ndani, muinue macho. Hapa palikuwa kiwanda cha vifaa vya elektroniki, kilichojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki na kuanza kazi 1957. Paa lake lina meno kama msumeno, na madirisha yanatazama kaskazini, ili mafundi wapate mwanga uliotulia bila jua kuwapiga machoni. Wasanii walipoanza kuhamia humo mwanzoni mwa miaka ya 2000, walikuta mwanga uleule wanaouhitaji wachoraji. Mimi hilo hunigusa kuliko picha nyingi zinazotundikwa humo! Kwenye baadhi ya dari bado kuna kauli mbiu nyekundu za enzi ya Mao. Wasanii waliziacha, na walifanya vyema.

Kuingia eneo lenyewe ni bure. UCCA, jumba la sanaa ya kisasa lililomo humo, lililofunguliwa 2007, huwa na maonyesho ya kulipia, kwa hiyo wanafunzi beba vitambulisho. Pasipoti pia.

Anayekuja aandike jina hapa kabla ya Ijumaa jioni. Wenye watoto wadogo mniambie mapema, tupange mwendo wao.