Nzi wangu hawana haja na chakula chenu

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu majirani zangu wa hapa Bombo, ambao majuzi walinishtaki kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kwamba nafuga nzi. Ni kweli, nawafuga, ili funza wao wawe chakula cha kambare wangu. Nilistaafu jeshini nikiwa sajenti, na mtaa mzima umenitania vya kutosha kwamba nimehamia kikosi kingine, maana nzi wenyewe wanaitwa nzi askari weusi.

Hawa si nzi wa chooni. Akishaota mabawa haumi, wala hahangaiki kutua kwenye sahani ya mtu. Anaishi siku chache kwa mafuta aliyojiwekea akiwa funza, anataga mayai mamia kwenye nyufa za vibao nilivyofunga pamoja, anakufa. Mlaji ni funza. Nampa maganda ya matoke na machicha ya malwa, pombe ya ulezi, na baada ya wiki mbili hivi beseni linabaki na kitu kama udongo mweusi, ambacho mke wangu anakiwahi kwa ajili ya bustani yake ya nakati, mboga ya majani.

Njoo alfajiri uone. Funza waliokomaa hugeuka weusi, wakaacha kula, wakapanda wenyewe ubao niliouegemeza kwenye beseni na kudondokea ndooni. Sishiki hata mmoja.

Nilianza kwa sababu ya mukene, yaani dagaa. Siku moja niliosha konzi mbili za mukene niliyewanunulia kambare wangu, chini ya karai ukabaki mchanga tele. Kumbe nilikuwa nalipia mchanga wa ufukweni! Tena huyo mukene ndiye kitoweo cha mwenye mfuko mwepesi. Lakini kambare mdogo huwezi kumpunja: akiona njaa anamla mwenzake.

Wanaohubiri kwamba funza ni chakula cha bure nao wananichosha. Mvua ikishika, hawakauki kwenye bati, wananuka. Wakikauka, protini ni kama asilimia 40, sawa, ila mafuta nayo yanaweza kufika theluthi ya uzito. Msimu wa kwanza nilimwacha mukene kabisa, na nilipopasua kambare nikakuta matumbo yamejaa mafuta. Sasa nachanganya: funza, pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, mukene kidogo. Wafugaji wadogo tunahitaji mashine moja ya kukamua mafuta tuitumie pamoja, na afisa wa samaki aje bwawani atufundishe vipimo. Semina tumeshakaa za kutosha.

Wapo wanaouliza kama samaki huyo analika. Wanauliza huku wanakula senene.

Mwenyekiti alikuja, akachuchumaa karibu nusu saa akiwatazama funza wakipanda ubao. Hukumu yake ilikuwa moja: niondoe mabeseni karibu na ukuta wa jirani, kwa sababu machicha yananuka. Hapo alisema kweli, na nimeshayahamisha.

Mfugaji wa kambare,
Bombo, Luwero