Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kupanda Miti, Shinyalu, Kaunti ya Kakamega

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, naibu wa chifu, wazee wa mtaa, wazazi na wanafunzi wenzetu, mulembe!

Karibu Shinyalu, Mheshimiwa. Umetukuta jua bado linawaka. Mvua ya huku hupenda kuja alasiri bila kubisha hodi, ndiyo maana tumekuomba usomewe risala kwanza, upande mti, chakula kifuate.

Klabu yetu ilianza na makopo ya maziwa yaliyotobolewa chini kwa msumari. Leo kwenye kitalu tuna miche ya miti ya kiasili, kwa majina ya Kiluhya: mutere, mukomari, mukumu na mwiritsa. Mbegu tunaziokota ukingoni mwa Msitu wa Kakamega kwa ruhusa ya askari wa misitu. Mwiritsa ndio unaotutoa jasho: mbegu yake haipendi kuwekwa, ukiiacha ikauke imekufa, na mara mbili tumepoteza kitalu kizima wakati wa likizo. Mche utakaoupanda leo ni mmoja wa ile iliyopona.

Mheshimiwa, kuhusu mche huo tunaomba tuseme wazi. Kabla haujawa mti wa kumbeba mbega na wanawe, sisi tunaokusomea risala hii tutakuwa wazee. Huko msituni mwiritsa haupandwi na klabu. Kima na hondohondo hula matunda, huenda zao, wakaangusha mbegu mbali na mama yake, kwenye kivuli na udongo uliojengwa na majani ya miaka mingi. Tunaweza kuotesha miche elfu moja, lakini kivuli hicho hatuna kopo la kukioteshea.

Tunalisema hili kwa sababu siku hizi tunahesabiwa miche. Katiba, kifungu cha 69, inataka miti ifunike angalau asilimia 10 ya nchi, na serikali imelenga kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Tunashangilia, na mikono yetu ina matope ya ushahidi. Hofu yetu ni kwamba katika hesabu hiyo hata mkaratusi, mti wa kigeni, ni mti. Mtu anaweza kuukata mutere mkongwe, akapanda mikaratusi mitano, akaandika kwamba amezidisha.

Sasa tuje kwenye dhahabu. Wazee wetu hapa hawahitaji kuelezwa. Mwaka 1931 ilipopatikana dhahabu Kakamega, wageni walimiminika, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikaigeuza sheria yake yenyewe ya 1930 iliyokuwa imeahidi kuzilinda ardhi za Waafrika. Migodi ilitaka nguzo za kushikilia mashimo na kuni za mitambo, na msitu ulikuwa papo hapo. Mgodi wa Rosterman ulifungwa miaka ya hamsini. Jina limebaki mtaa. Miti iliyoingia mashimoni haikurudi.

Hatuji kuwatukana wachimbaji. Baadhi yetu karo zetu zimetoka kwenye karai la kuoshea mchanga, na mama anayepondaponda mawe Ikolomani tunamwita mama. Tungependa tu asichome jikoni zebaki anayonasia dhahabu.

Kinachotukosesha usingizi ni maneno tunayoyasikia sokoni kwamba msitu nao "utaangaliwa tu". Utafutaji wa dhahabu, tunaambiwa, si uchimbaji, ni vipimo. Tumeuliza, tukajifunza vipimo hivyo hufanywaje. Hufyekwa mistari iliyonyooka ili kuchukua udongo. Hukatwa njia ya kupitisha mtambo wa kuchoronga, yaani kutoboa mwamba. Mtambo hutaka uwanja, maji na shimo la kumwagia matope yake. Kisha watu wa vipimo wanafunga virago, hata kama hawakupata kitu, na njia inabaki. Njia hiyo mchoma makaa haulizi ilifunguliwa kwa leseni gani. Pale mwanga unapofika chini huota mipera. Mapera tunayapenda, na hatukatai kwamba tumeyala mengi, lakini ukiona mpera ndani ya msitu wa Kakamega ujue pana mtu alipita na panga.

Tumefundishwa pia kwamba Sheria ya Madini ya 2016 inaigawia jamii asilimia 10 ya mrabaha, yaani malipo ambayo mwenye mgodi huilipa serikali kwa madini, kaunti asilimia 20 na serikali kuu asilimia 70. Mrabaha, hata hivyo, hutoka kwenye madini yaliyochimbwa. Wakati wa kutafuta hakuna cha kugawa. Asilimia 10 ya njia iliyokatwa msituni ni nini?

Huu ndio msitu wa mvua pekee uliobaki Kenya wa jamii ya ile ya Kongo. Mto Isiukhu na Mto Yala hupitia humo kabla ya kushuka kuelekea ziwani.

Kwa hiyo ombi letu kubwa, Mheshimiwa, si tangi wala basi, ingawa tangi tunalihitaji na Mwalimu Mkuu atakuonyesha mahali pake. Tunaomba, ukirudi ofisini, useme kwamba Shinyalu wanataka utafutaji wa madini usivuke mpaka kuingia msituni. Na ikiletwa karatasi yoyote ya tathmini ya mazingira, baraza liitishwe hapa, kwa Kiswahili na Kiluhya, siku isiyo ya soko, ili mama zetu wahudhurie.

Shimo lako liko kando ya ua, kushoto kwa jukwaa. Samadi imeshatiwa. Aliyepewa kazi ya kumwagilia mti wako ndiyo kwanza amejiunga na shule yetu, kwa hiyo una uhakika wa miaka kadhaa. Baada ya hapo tutamteua mwingine na kukuandikia barua.

Ni sisi,
Wanachama wa Klabu ya Mazingira