Wifi yangu, selimundu haikutoka kwenu peke yenu

Wifi yangu mpendwa,

Maneno yale yalisemwa mbele za watu, ndiyo maana na mimi nakuandikia mbele za watu. Nilikuwapo siku wazee wetu walipokuambia kuwa selimundu ya mtoto umekuja nayo kutoka kwenu. Nilinyamaza. Nisamehe.

Mwezi uliopita nilikwenda kupima damu. Majibu yangu ni AS, yaani jeni moja ya kawaida (A) na moja ya selimundu (S). Mimi, dada wa mumeo, nimeibeba jeni ileile maisha yangu yote bila kujua.

Mtoto hawi SS, yaani mgonjwa mwenye S mbili, kwa kurithi upande mmoja. Jeni inayohusika iko kwenye kromosomu ya 11, na kila mtu anazo mbili: moja ya baba, moja ya mama. Mwanao alipokea S kwako na S kwa kaka yangu. Na kasoro yenyewe ni ndogo mno, herufi moja tu ya DNA: penye herufi A (si ile A ya majibu ya damu) pamekaa T, basi himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, inapata kijenzi kiitwacho valini palipopaswa kuwa na kingine, asidi ya glutamiki. Himoglobini hiyo ikishaachia oksijeni hushikamana, ikaipinda chembe nyekundu ya damu mpaka ifanane na mundu. Chembe hizo huziba mishipa midogo, na hayo ndiyo maumivu yanayomliza mwanetu usiku.

Wengine walisema amerogwa, kwa kuwa alizaliwa mzima, vidole vikaja kuvimba baadaye. Lakini mtoto huzaliwa akiwa na himoglobini ya tumboni kwa wingi, na hiyo haina kasoro. Inapopungua miezi ya mwanzo, ile ya ukubwani ikashika nafasi yake, ndipo ugonjwa hujitokeza.

Eti ukizaa tena, huyo atakuwa salama kwa sababu zamu imeshapita? Hapana, wifi. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba huanza hesabu upya: uwezekano ni robo SS, nusu AS, robo AA. Nakuomba usidanganywe hapo.

Wala si laana. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison alionyesha kwamba wenye AS wana kinga fulani dhidi ya malaria, na ndiyo maana jeni hii haikupotea. Pengine baadhi ya babu zetu walipona kwa ajili yake.

Kaka amekubali kupima. Majibu yake yakitoka nitawasomea wazee mimi mwenyewe, pamoja na yangu. Ukitaka kuwapo, nitakuja kukuchukua. Usipotaka, baki na mtoto.