Samaki wa mbao wa kwenye simu asisingiziwe

Mhariri,

Msomaji mwenzetu wa Mbagala aliandika katika safu hii kwamba vijana sasa wanaabudu sanamu kwenye simu, kwa kuwa amemkuta mwanawe akigonga picha ya samaki wa mbao, kitu cha mviringo kinacholia tok, tok, tok. Naomba nafasi nimtoe hofu mzazi huyo, kisha nimpe sababu nyingine ya kumgombeza kijana, maana ipo.

Mimi ni mkalimani wa Kichina hapa Kariakoo. Nilisoma Guangzhou, mji ambao wafanyabiashara wetu wanaujua kwa mtaa wa Xiaobei. Wilaya hiyohiyo ya Yuexiu ina hekalu la Kibuddha la Liurong, na huko ndiko nilikomsikia samaki wa mbao mwenyewe, si wa picha. Ni gogo lililochongwa likawa duara, tumbo tupu, mdomo mpana, mgongoni magamba. Watawa wanaposoma sutra, yaani maandiko yao matakatifu, mmoja wao huligonga kwa kirungu, pigo moja kwa kila silabi, ili sauti zote ziende pamoja. Huanza polepole, baadaye mwendo unakaza mpaka msikilizaji naye anajikuta anatikisa kichwa. Na kwa nini samaki? Kwa sababu hana kope, hafumbi macho usiku wala mchana. Mtawa anayesinzia anaambiwa: amka.

Wajapani na Wakorea nao wanaye. Lakini Wabuddha wenye asili ya Sri Lanka, ambao hekalu lao liko Upanga, dhehebu lao halimtumii kabisa. Sasa mzazi aone mwenyewe kama hicho ni kitu cha kuabudiwa au ni chombo cha kushikia mapigo.

Huyu wa kwenye simu alivuma China mwaka 2022, hasa kwa vijana wa maofisini. Ukigonga kioo, maandishi yanapaa: thawabu, jumlisha moja. Wengi wanafanya mzaha tu. Mtu akitoa neno la hovyo, wenzake wanamwambia thawabu zake zimepungua, akagonge. Ila mzaha huo una uchovu ndani yake. Hao ni watu wa kile wanachokiita 996: kazini saa tatu asubuhi, kutoka saa tatu usiku, siku sita kwa wiki. Mahakama ya juu ya nchi hiyo ilitamka Agosti 2021 kwamba utaratibu huo ni kinyume cha sheria, kwa hiyo si malalamiko ya wavivu.

Bosi wangu ni kijana wa Foshan, China. Kontena likikwama bandarini, anaiweka simu juu ya daftari la mizigo na kuanza kugonga. Hasali hata kidogo. Anajizuia asimtukane wakala wa forodha, na mimi mkalimani namshukuru samaki, kwani matusi hayo ningetakiwa kuyatafsiri.

Kinachonikera ni zile namba. Sisi Waislamu tuna tasbihi, na siku hizi wapo wanaovaa kidoleni kile kidude chenye kitufe, lakini mwenye nacho anahesabu alichokitamka. Kwenye simu hutamki kitu, unakusanya namba tu, na baada ya muda unawaonyesha rafiki zako umefika elfu ngapi. Mbaya zaidi, programu nyingi zina sehemu ya kujigonga yenyewe. Unaiwasha, unalala, asubuhi unakuta thawabu zimejaa! Chombo kilichochongwa kiwaamshe watu kimegeuzwa kiwafanyie kazi wakiwa wamelala. Hapo ndipo mzazi wa Mbagala amkalie kooni mwanawe.

Anayetaka utulivu azime hesabu, azime na kujigonga. Agonge mara moja kwa kila pumzi anayoitoa, asiwe na haraka, na akili ikikimbilia kwenye kodi ya nyumba airudishe kwenye mlio unaofuata. Dakika tano zinatosha. Mimi hufanya hivyo ndani ya mwendokasi nikirudi Kimara, nikipata kiti.

Nina ombi moja tu kwa abiria wenzangu ambao nao wameanza: vaeni spika za masikioni. Jioni ile, gari limejaa na watoto wanalia, tok tok ya mtu mwingine haimtulizi yeyote.

Mkalimani,
Kariakoo, Dar es Salaam