Shangazi, usilipe kabla hujaona namba ya chumba

Shikamoo shangazi,

Tangazo ulilonitumia nimelisoma: siku saba za meli kwenye mto Danube, Passau (Ujerumani) hadi Budapest (Hungaria) na kurudi. Safari nzuri, wala usiiache. Ila kabla ya kulipa, waombe ramani ya meli uone wanakulaza wapi.

Chumba cha bei ya chini kabisa kiko sitaha ya chini. Dirisha lake ni dogo, liko juu karibu na dari, halifunguki, na maji yanapita hapo chini yake tu. Hilo linavumilika, kwani chumbani ni kwa kulala. Shida ni ngazi: kwenye meli nyingi lifti haishuki huko, na magoti yako unayajua. Nyuma kabisa utalala juu ya injini. Mbele, meli ikitia gati alfajiri, propela ya pembeni itaunguruma chini ya kitanda. Chukua sitaha ya kati, katikati ya meli.

Ile wanayoiita roshani ya Kifaransa usiilipie zaidi. Ni mlango wa kioo wa kusukuma, na nje yake kizuizi cha chuma, kiti hakiingii. Halafu bandari za mtoni ni finyu, kwa hiyo meli hufungwa ubavu kwa ubavu, mbili hata tatu. Ukifungua pazia asubuhi unaweza kukutana uso kwa uso na mtu wa meli ya jirani anapiga mswaki, na kushuka nchi kavu ni kupitia mapokezi yao.

Usiku ukisikia kishindo kidogo, kisha dirisha likaingia giza, usishtuke. Mmeingia kwenye lango la maji: chumba kirefu cha zege chenye milango mbele na nyuma. Milango ikifungwa, maji hujazwa au hutolewa, na meli hupanda au kushuka. Nyingi za meli hizi zina upana wa mita 11.4, ili zipite kwenye malango ya mita 12 ya mfereji unaounganisha Danube na mto Main, uliokamilika mwaka 1992. Hesabu mwenyewe: kila upande inabaki sentimita 30. Malango ya Danube kwenyewe ni mapana kuliko hayo, lakini meli huenda sambamba na ukuta uleule wenye ukoga na utelezi. Mkono usiutoe nje.

Sasa mwezi. Kiangazi kikikaza, Agosti na kuendelea, maji hupungua na meli hukwama. Kipande kinachosumbua sana ni Straubing hadi Vilshofen, nacho kiko juu ya Passau, upande mto unakotokea, kwa hiyo hapo umepona. Hata hivyo, zipo sehemu nyingine zisizo na mabwawa ya kushikilia maji. Maji yakizidi nako ni balaa, maana meli haipiti chini ya madaraja. Wakishindwa, abiria hufungasha masanduku wakapakiwa basi, wakati mwingine kuifuata meli nyingine upande wa pili. Mkataba kwa kawaida unawaruhusu, kwa hiyo soma kifungu cha kurudishiwa fedha kabla hujatia sahihi.

Ukishuka mjini utapewa kadi, na ukirudi wataikagua. Ndivyo wanavyojua nani bado yuko nje. Saa ya kuondoka ikifika hawangoji. Andika namba ya simu ya mapokezi kwenye karatasi, isikae kwenye simu peke yake, maana simu huzimika.

Viza: Ujerumani, Austria, Slovakia na Hungaria zote ni Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kuingia mara moja kunatosha. Wakikushawishi kuendelea hadi Belgrade, Serbia haimo. Omba ya kuingia zaidi ya mara moja.

Na wakikupa punguzo kwa sharti kwamba chumba watakupangia wao baadaye, kataa. Hivyo ndivyo vyumba vya juu ya injini vinavyopata watu. Ukipata namba nitumie, nikutazamie kwenye ramani.